Sura ya Tano: Atomu Zinazorudi Nyuma

Katika mtaa wa Mbotela, kopo la mafuta ya kupikia huishi miaka mingi kuliko mafuta yenyewe. La kilo mbili likishaisha huwa gorogoro, nalo hupimia mahindi, maharagwe na njugu katika vibanda vya Eastlands, kuanzia Makongeni hadi Jericho. Wenye umri wanakumbuka lilivyokuwa likifunguliwa jipya: mafuta meupe, mazito, ya kuchotwa kwa kijiko na kukaa juu ya kijiko bila kumwagika, hata mchana wa Februari. Na yalikuwa mafuta ya mimea. Hapo ndipo fumbo la sura hii linapoanzia. Mbegu za pamba, soya na alizeti zikikamuliwa hutoa mafuta yanayotiririka. Basi ni kitu gani kilichoyagandisha, yakabaki yameganda katika joto la nyuzi 25?

Jibu fupi limo katika vitabu vya kemia vya sekondari. Gesi ya haidrojeni hupitishwa katika mafuta yaliyochanganywa na unga wa nikeli, na mafuta hugeuka kuwa magumu. Jibu hilo ni la kweli, ila limeruka jambo kubwa. Juu ya uso wa nikeli atomu haziendi mbele tu. Nyingi hushika, huachia, kisha hurudi zilikotoka, na katika kurudi huko huiacha molekuli ya mafuta na umbo ambalo haikuwa nalo. Umbo hilo ndilo lililokuja kugunduliwa, miongo kadhaa baadaye, kuwa adui wa moyo. Walioiona njia hiyo ya kurudi hawakuwa wakichunguza mafuta wala moyo. Walikuwa wakifuatilia safari ya haidrojeni nzito juu ya uso wa metali.

Ng'ambo ya reli

Mbotela ni mmoja wa mitaa ya wafanyakazi iliyojengwa Nairobi katika miaka ya 1950. Ulipewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union) aliyeuawa jijini Novemba 1952. Mitaa hii iliwekwa upande huu wa jiji kwa sababu ya kazi. Ng'ambo ya reli ni Industrial Area, na kwa zaidi ya nusu karne watu wamekuwa wakivuka asubuhi kwa miguu kwenda viwandani, na kurudi jioni vivyo hivyo.

Mojawapo ya viwanda hivyo kilikuwa cha East Africa Industries, kampuni iliyoanzishwa katika miaka ya 1940, na ambayo Unilever ilijiunga nayo katika miaka ileile ya 1950 Mbotela ilipokuwa ikijengwa. Kimbo, Cowboy na Blue Band ni majina yaliyokua pamoja na kampuni hiyo, yakaingia katika kila jiko la Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kimbo na Cowboy zilinunuliwa na Bidco ya Thika. Hivyo historia ya mafuta mgando si habari ya mbali kwa mtu wa Eastlands. Jirani zake waliyafunga katika makopo, na mama zake waliyakaangia.

Ufundi wenyewe ulizaliwa kwingine. Mwaka 1897, miaka miwili kabla ya reli kufika Nairobi, Mfaransa Paul Sabatier na mwenzake Jean-Baptiste Senderens, wakiwa Toulouse, waligundua kwamba unga wa nikeli huiwezesha haidrojeni kuungana na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Nikeli yenyewe haikuliwa wala haikupungua. Ilikuwa kichocheo. Mwaka 1901 Mjerumani Wilhelm Normann aliifanyia kazi hiyohiyo asidi ya mafuta, akapata kitu kigumu kutoka katika kimiminika. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza Crisco, mafuta mgando yaliyotokana na mbegu za pamba. Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel. Viwanda vikaenea duniani, ingawa hakuna aliyekuwa anajua kwa hakika nini kinatendeka pale nikeli, haidrojeni na mafuta vinapokutana.

Kilichojulikana ni mwanzo na mwisho wake. Asidi ya oleiki, ambayo imo kwa wingi katika mafuta mengi ya mimea, ni mnyororo wa atomu 18 za kaboni. Katikati yake, kaboni mbili zimeshikana kwa bondi maradufu, na hapo mnyororo hupinda. Minyororo iliyopinda haipangiki vizuri, kwa hiyo asidi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Ukiiongezea atomu mbili za haidrojeni kwenye bondi ile, mnyororo hunyooka na kuwa asidi ya steariki, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 69. Hesabu ni nyepesi: mbili zimeingia, mnyororo umenyooka, mafuta yameganda. Kama kweli mambo yangekuwa hivyo tu, sura hii ingeishia hapa.

Haidrojeni yenye alama

Atomu zote za haidrojeni ya kawaida hufanana, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukichanganya haidrojeni na molekuli ambayo tayari ina haidrojeni zake, huwezi kujua ni ipi iliyoingia na ipi iliyotoka. Fikiria majirani wawili wa ploti moja wanaofuga kuku weupe watupu. Kuku wakishachangamana uani, hakuna wa kusema yupi ni wa nani, mpaka jirani mmoja awafunge wake uzi mwekundu mguuni. Uzi haumgeuzi kuku kuwa ndege mwingine. Unamwezesha tu mwenye macho kuona nani ameingia banda la nani.

Uzi wa haidrojeni ulipatikana mwishoni mwa 1931, Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipogundua deuteri. Hii ni haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada katika kiini chake, kwa hiyo uzito wake ni karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Ni isotopu, yaani kemia yake ni karibu ileile ila uzito ni tofauti. Deuteri imo katika maji yote ya dunia, kwa kadiri ya atomu moja katika kila 6,400 za haidrojeni. Mtungi wa lita 20 unaobebwa kila siku katika ploti za Mbotela una takriban gramu 0.7 za deuteri. Kuitenga gramu hiyo na maji mengine ni kazi kubwa. Lakini kuanzia 1934 kiwanda cha Norsk Hydro huko Vemork, Norway, kilikuwa kikitoa maji mazito kwa ajili ya kuuzwa, na wanakemia wakawa na alama waliyoihitaji.

Jaribio la kwanza la kueleweka ni hili. Weka katika chupa ya kioo, kwa kiasi sawa, haidrojeni ya kawaida, ambayo kila molekuli yake ina atomu mbili nyepesi, na deuteri, ambayo kila molekuli yake ina atomu mbili nzito. Ziache pamoja katika joto la chumbani. Hakuna kitakachotokea, kwa sababu bondi inayozishikanisha atomu mbili za haidrojeni ni imara mno kuvunjwa na joto hilo. Sasa tia kipande safi cha nikeli. Muda si mrefu karibu nusu ya molekuli zote zitakuwa na atomu moja nyepesi na moja nzito. Nikeli haikuongeza wala kupunguza chochote. Kilichotokea ni kwamba kila molekuli iliyogusa uso wake iligawanyika, atomu mbili zikashikwa kila moja peke yake na nikeli, zikazurura juu ya uso, kisha zikaondoka zikiwa zimeshikana na yeyote ziliyemkuta. Huo ndio mbadilishano wa isotopu, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kwamba uso wa metali, hata pale panapoonekana pametulia kabisa, una shughuli isiyokoma ya kuvunja na kuunga.

Manchester, 1934

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na watu wawili waliokutanishwa na misukosuko ya wakati wao. Michael Polanyi, Mhungaria, aliondoka Berlin mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika serikali, akapokewa na Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Juro Horiuti, Mjapani, alikuwa akifanya kazi naye. Walichukua ethilini, ile gesi ya Sabatier, wakaikutanisha na haidrojeni nzito juu ya metali.

Kama haidrojeni ingekuwa inaingia kwenye bondi maradufu na kubaki humo, alama ya deuteri ingeonekana katika molekuli zilizokwisha kugeuka tu. Ethilini ambayo haijageuka ingebaki safi. Haikuwa hivyo. Ethilini iliyobaki kuwa ethilini, kwa sura haijaguswa na chochote, nayo ilikuwa imepata deuteri. Njia mojawapo ya enzi hiyo ya kupima jambo la namna hii ilikuwa kuichoma gesi, kukusanya maji yanayotokana na kuungua kwake, na kupima uzito wa tone la maji hayo. Maji yenye deuteri ni mazito, na maji mazito matupu huyapita ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 10. Tone lilipozidi uzito, lilitoa ushahidi kwamba molekuli iliyoonekana kukaa pembeni ilikuwa imeshashiriki na kujitoa.

Katika mwaka huohuo wa 1934, Horiuti na Polanyi waliandika maelezo ambayo wanakemia wanayatumia mpaka leo. Kwanza, molekuli ya haidrojeni hugawanyika juu ya uso wa metali. Pili, bondi maradufu hufunguka, na kaboni zake mbili zikashika metali. Tatu, atomu moja ya haidrojeni huungana na kaboni mojawapo. Hapo molekuli huwa imefika nusu ya safari: kaboni moja imetosheka na kuachia metali, nyingine bado imeshika. Nne, atomu ya pili huja, kaboni iliyobaki huachia, na molekuli huondoka ikiwa imekamilika.

Uzito wa maelezo haya uko katika hatua ya tatu. Molekuli iliyofika nusu haina sharti la kuendelea. Ikikosa atomu ya pili, inaweza kuitoa moja na kurudi kuwa ethilini. Lakini haichagui kuitoa ileile iliyopokea. Inaweza kubaki na deuteri na kuitoa haidrojeni yake ya asili. Ndiyo maana alama ilionekana mahali isipotarajiwa. Huko Cambridge, Eric Rideal na ndugu wawili Adalbert na Ladislaus Farkas waliuona mbadilishano uleule mwaka huohuo, wakaufikiria kwa njia nyingine, na mjadala ukaendelea miaka mingi. Kwa mafuta na ethilini, ushahidi umeelemea upande wa Manchester. Horiuti alirudi Japani, akajenga Sapporo, katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, taasisi nzima ya kuchunguza vichocheo.

Mnyororo unaponyooka bila kujazwa

Sasa turudishe hatua hizo nne katika tangi la mafuta. Asidi ya oleiki imeshika nikeli, imepokea atomu moja ya haidrojeni, imefika nusu. Bondi maradufu iliyokuwa ikiikaza imefunguka, kwa hiyo mnyororo sasa unaweza kujizungusha pale ulipokuwa umefungwa. Atomu ya pili ikija upesi, tunapata asidi ya steariki. Ikichelewa, molekuli hutoa atomu moja na kurudi kuwa na bondi maradufu, lakini mnyororo umeshajizungusha. Ulikuwa umepinda, sasa umekaribia kunyooka. Tena bondi yenyewe inaweza kuwa imehamia kwa kaboni ya jirani, kwa sababu atomu iliyotolewa huenda imetoka upande wa pili.

Umbo hilo jipya ndilo linaloitwa transi. Asidi ya oleiki iliyogeuka hivyo huitwa asidi ya elaidiki. Ina atomu zilezile, idadi ileile, haikuongezewa hata moja, na bado huyeyuka kwenye nyuzi 44 hivi badala ya 13. Mafuta yameganda bila kujazwa. Mpimaji anayehesabu tu haidrojeni iliyotumika hatajua kwamba hilo limetokea.

Hali za kiwandani zilisukuma mambo huko. Kazi hii hufanywa katika joto la nyuzi 120 hadi 200. Joto likizidi na haidrojeni ikipungua juu ya uso wa nikeli, molekuli zilizofika nusu husubiri muda mrefu zaidi, na nyingi hurudi. Na mwenye kiwanda hakuwa na sababu ya kulizuia jambo hilo. Mafuta yaliyojazwa haidrojeni yote huwa magumu na hayapakiki kwenye mkate. Yaliyojazwa kiasi, yenye transi nyingi, hulainika karibu na joto la mdomo, hukaa dukani muda mrefu bila kuchacha, na huvumilia kukaangiwa. Katika mafuta kama hayo transi iliweza kufika robo ya mafuta yote na hata kupita. Kwa miongo mingi hakuna aliyeona ubaya. Madaktari walikuwa wakiwaambia watu waache siagi na mafuta ya wanyama, watumie haya.

Mwaka 1990 Waholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan walichapisha matokeo ya kuwalisha watu wenye afya mafuta ya transi kwa kipimo. Kolesteroli mbaya ilipanda, na ile inayoulinda moyo ikashuka. Mafuta yenye minyororo iliyojaa haidrojeni yalipandisha ile mbaya lakini hayakushusha nzuri. Transi ilifanya yote mawili. Uchunguzi uliofuata uliitia nguvu habari hiyo. Denmark ilipitisha sheria ya kwanza ya kuyabana mafuta haya mwaka 2003. Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyojazwa haidrojeni nusunusu hayahesabiwi tena kuwa salama katika chakula. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitaka dunia nzima iyaondoe, likipendekeza kikomo cha gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Makadirio ya shirika hilo wakati huo yalikuwa vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka duniani kutokana na mafuta hayo. Toka Manchester mpaka jaribio la Waholanzi ni miaka 56. Muda wote huo, kemia ilikuwa inajua kwamba molekuli zinarudi zikiwa zimegeuka umbo. Ila aliyejua njia ya atomu na aliyetibu moyo hawakuwa wakisoma vitabu vya kila mmoja.

Nyuso nyingine

Nikeli haiko peke yake. Platini huyawezesha maji na gesi ya haidrojeni kubadilishana isotopu zao, na maabara hutumia jambo hilo kupima deuteri katika mvua: gesi kidogo huwekwa juu ya maji pamoja na punje zenye platini, isotopu zikagawana mpaka zikatulia, kisha gesi ikapimwa. Tangu 1961 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likikusanya vipimo vya isotopu za mvua duniani, na Entebbe na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vyake vya zamani. Kwa vipimo hivyo wanasayansi hufuatilia mawingu yalikotoka na maji ya visima yalikonyeshea. Paladi humeza haidrojeni mpaka ndani. Alumina na silika, ambazo si metali, zina haidrojeni zao zilizoshikana na oksijeni juu ya uso, nazo pia huzibadilisha na zinazopita. Katika kila uso swali ni lilelile: ni hatua ipi inayorudi, na ni ipi ikishafanyika haina kurudi?

Mafuta yanayoganda Julai

Mtu wa Mbotela akisoma haya atauliza kuhusu mafuta yake ya leo. Mengi ya yanayouzwa Kenya sasa yametokana na michikichi, na shehena kubwa huingia kwa meli kupitia Mombasa kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu ya mafuta ya michikichi ni minyororo iliyonyooka tangu mtini. Ndiyo maana baridi ya Julai ikija, salad (mafuta ya maji) ya kupimiwa huanza kuwa na ukungu, kisha huganda chini ya mtungi. Wengi huogopa, wakidhani wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Kuganda huko peke yake hakuthibitishi hilo wala transi. Ni tabia ya michikichi. Mafuta mgando nayo yanaweza kutengenezwa kwa sehemu nzito ya mafuta ya michikichi bila haidrojeni yoyote. Yana mzigo wake kwa moyo yakizidi, lakini si mzigo wa transi.

Kwa upande wa pili, mafuta laini, biskuti inayovunjika vizuri au krimu ya keki inaweza kuwa na transi bila dalili ya kuonekana kwa macho, pua au ulimi. Kwenye pakiti, maneno ya kutafuta ni yale yanayosema mafuta yamejazwa haidrojeni kwa sehemu. Yaliyojazwa yote kabisa hayabaki na bondi maradufu, kwa hiyo hayana transi. Hatari iko kwa yaliyoachwa nusu, na sasa tunajua ni kwa nini.

Lakini mwenye kusoma pakiti ni mwenye uwezo wa kununua pakiti. Mama anayekaanga mandazi alfajiri kando ya Barabara ya Jogoo hununua mafuta kwa kupimiwa, na mtungi anaopimiwa hauna maandishi yoyote. Mfanyakazi anayepita kwenda Industrial Area hununua mandazi mawili na chai, naye hana karatasi ya kusoma. Kadiri mtu anavyonunua kidogo, ndivyo habari zinavyompita. Kumwambia mtu huyo achague vizuri ni kumtwika jukumu ambalo hana nyenzo za kulitimiza.

Haidrojeni nzito imetuonyesha mahali hasa ambapo jambo hili huamuliwa. Transi huzaliwa juu ya uso wa nikeli, katika muda mfupi ambao molekuli imesimama nusu ya safari, ndani ya tangi lililofungwa. Ikishatoka tangini, hakuna mpishi anayeweza kuirekebisha, hata akipunguza moto au akibadilisha sufuria. Kwa hiyo kikomo cha transi kinatakiwa kisimamiwe kiwandani na bandarini, kwa vipimo vya maabara vinavyotangazwa hadharani, kabla mafuta hayajafika kwenye mtungi wa kupimia. Kenya ina wanakemia wa kufanya vipimo hivyo, na vyuo vyetu vinawafundisha vijana wa Eastlands namna ya kuvifanya. Tunaponunua mafuta tuna haki ya kuuliza yalipimwa wapi, lini, na yakaonekana kuwa na transi kiasi gani. Swali hilo lifikishwe kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge, kwa shirika la viwango na kwa mwenye kiwanda, mpaka lijibiwe kwa namba.